Kupamba Krismasi kwa maua na miti ya uani: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila ikifika Novemba simu yangu haipumui, wateja wa kitalu, ndugu wa Moshi, akina mama wa jumuiya, wote wanauliza yale yale, na mi najibu yale yale huku nimeshika mpira wa maji. Sasa nimeamua niyaandike mara moja. Mi niko Dar, nimekulia Kilimanjaro, kwa hiyo mengi humu ni ya joto la Dar na baridi ya kule juu, ukiwa sehemu nyingine utapima mwenyewe.

Poinsetia yangu, lile ua la Krismasi la majani mekundu, ina afya kabisa ila majani hayawi mekundu Desemba. Tatizo nini, mbolea?

Hapana, sio mbolea na usiiongezee, utaiharibu bure. Hili swali ndo la kwanza kwa wingi kwa hiyo nivumilie nilieleze vizuri.

Kwanza yale mekundu sio maua, ni majani. Ua lenyewe ni vile vidude vidogo vya njano katikati ambavyo hakuna anayeviangalia. Na hayo majani yanabadilika rangi kwa kuhesabu usiku. Mmea unataka usiku mrefu, giza lisilokatika, wiki kama nane mfululizo, ndo unageuka. Sasa huu mmea kwao ni Mexico. Kule Desemba ndo usiku mrefu kuliko yote, kwa hiyo unawaka wenyewe Krismasi bila mtu kuugusa, na yule balozi wa Marekani Joel Poinsett alipoupeleka kwao miaka ya 1820 kule nako Desemba ni usiku mrefu, basi dunia nzima ikaamini ni ua la Krismasi. Sisi tuko kusini ya Ikweta. Desemba yetu ndo ina usiku MFUPI kuliko miezi yote. Angalia Dar mwisho wa Desemba, jua limetoka saa 12 na dakika chache asubuhi na linazama karibu saa 12 na dakika 40 jioni, usiku haufikishi hata masaa 12 kamili. Mwezi wa 6 ndo usiku unazidi kidogo mchana. Ndo maana poinsetia ya uani kwa bibi yangu ilikuwa inawaka nyekundu mwezi wa 6, wa 7, wakati wa baridi, na Krismasi imesimama pale kijani kama mchicha.

Kwa hiyo ukiitaka nyekundu Desemba lazima uidanganye. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, isizidi tarehe 10, iwe kwenye chungu, kila siku saa 11 jioni unaifunika, saa 1 asubuhi unafunua inapigwa jua. Kila siku, hata siku ya harusi ya mdogo wako. Mi natumia kitambaa cheusi kizito juu ya fremu ya mianzi, situmii mfuko wa plastiki wala boksi lililobana kwa sababu joto la Dar ndani ya boksi linaunguza majani, na joto kali la usiku lenyewe pia linachelewesha rangi. Ukiona majani ya juu yameshageuka vizuri mwishoni mwa Novemba unaweza kupumzika.

Nilifunika kama ulivyosema na bado ni kijani!

Uliza taa. Mwaka mmoja nilikuwa na vyungu 40 vya oda, nimefunika kwa adabu zote, vyungu vya safu ya nyuma vimegeuka safi na vya safu ya mbele, vinavyotazama ukuta, kijani tupu. Nilihangaika wiki mbili, nikabadilisha udongo, nikapima maji, nikamlaumu kijana anayenisaidia kwamba anafunua mapema (nilimuomba radhi baadaye). Siku moja umeme umekatika mtaa mzima nikiwa nje, ukarudi, ndo nikaona: taa ya ulinzi ya jirani inapiga juu ya ukuta, inapenya chini ya ukingo wa kitambaa pale ambapo kilikuwa hakigusi ardhi. Mwanga wa kiganja tu. Mmea hauna habari na sababu zako, mwanga ukiukata usiku katikati ni kama hukufunika. Kwa hiyo kitambaa kiguse chini pande zote, weka tofali, na usiende kuchungulia na tochi ya simu.

Ni kweli poinsetia ni sumu ya kuua?

Haiui, hayo yametiwa chumvi. Ila ule utomvu mweupe unawasha ngozi, ukiingia machoni unauma sana, na mtoto akitafuna majani tumbo linaweza kumsumbua na kutapika. Vaa glovu ukikata, nawa mikono, weka juu ya kabati kama una mtoto wa kutambaa. Yule mwenzie mwenye miiba mingi na vijiua vyekundu, watu wanamwita taji la Kristo, naye ni ukoo huo huo ana utomvu huo huo, ila yeye anachanua mwaka mzima bila kudanganywa. Kama hizo kazi za kufunika huziwezi nunua huyo.

Basi niweke ua gani jekundu kama sio poinsetia?

Toa kichwa nje ya dirisha. Mkrismasi! Jamani tumeupa mti jina kabisa halafu tunauruka tunaenda kununua plastiki. Ule mti mkubwa wa mwavuli, unaanza kuwaka Oktoba, Novemba, na Desemba barabara nzima nyekundu, asili yake ni Madagaska, hapo jirani tu, na kalenda yake inafanana na yetu kuliko mgeni yeyote.

Ila una masharti. Ukikata tawi ukaliweka kwenye vazi la maua kama waridi, jioni limelala. Wewe chuma maua yaliyofunguka, moja moja, asubuhi mapema kabla jua halijakaa, yaelee kwenye sinia au bakuli pana lenye maji. Kila ua lina petali tano, nne nyekundu na ya tano imechorwa chorwa nyeupe na njano, ukiyapanga zile za tano zote zikatazama katikati ya sinia utaniambia. Weka vishumaa vya kuelea humo humo. Linakaa siku moja nzuri, ya pili kwa kujitahidi, ya tatu tupa. Na vile vichwa visivyofunguka usivitupe, vipange pembeni, vina kijani kizuri.

Na tafadhali usije ukaupanda mita mbili kutoka ukutani kwa sababu nimeusifia. Mizizi yake inatembea juu juu na inanyanyua sakafu.

Mti wa Krismasi wenyewe je? Nataka wa kweli.

Inategemea unataka wa kukata au wa chungu.

Wa kukata, Pwani tuna mvinje, ni mwepesi, majani kama nywele, unapendeza sana na taa ndogo ila hauwezi kubeba mapambo mazito, tawi linainama. Bara kuna saipresi na mipaina, harufu nzuri. Kata, dada yangu, tawi la shambani kwako au la mtu aliyekuruhusu, tusiingie misitu ya serikali, kule ni kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na hiyo sikukuu utaila kwa maelezo. Likishafika nyumbani kata tena kipande kidogo cha chini maana pameshaziba kwa utomvu, tumbukiza kwenye ndoo ya maji, zungushia mawe lisimame, funika ndoo kwa kitenge. Joto la Dar ni wiki moja, siku kumi ukiwa na bahati, kwa hiyo usilete tarehe 1 halafu tarehe 25 uwe na ufagio. Likianza kudondosha majani ukigusa, limekauka, hapo mishumaa ya moto mbali nalo kabisa, mvinje mkavu unawaka kama karatasi. Taa ziwe za LED.

Wa chungu, mi napendelea araukaria. Ni ule wenye ngazi ngazi, matawi yamekaa kama sakafu za ghorofa, asili yake kisiwa cha Norfolk huko Pasifiki na Dar unakubali vizuri tu. Unakua taratibu, unaweza kuutumia Krismasi tano sita ndipo uuhamishie ardhini. Usikate ncha ya juu hata siku moja, ukiikata hauwi pembetatu tena. Na usiuweke sebuleni mwezi mzima kwenye kona yenye giza chini ya AC. Ingiza tarehe 20, toa tarehe 2, na ukiutoa usiuweke jua kali siku hiyo hiyo, uanze kibarazani wiki moja.

Huku Nairobi tunanunua saipresi kando ya barabara, inafaa?

Inafaa sana na baridi yenu inausaidia kuliko sisi. Pindua tawi kidogo kabla hujalipa, likivunjika kwa mlio ujue limekatwa siku nyingi, likijikunja ni bichi.

Nataka nipambe geti kama kijijini. Migomba inasimamishwaje?

Hapa ndo napenda. Kilimanjaro, Kagera, mpaka Uganda, sherehe ni migomba getini, mgeni anajua kuna jambo kabla hajasikia ngoma. Chagua migomba miwili inayolingana kimo, ile iliyoshazaa ndo ya kukata, hiyo ingekatwa tu. Chimba shimo la goti moja, simamisha, shindilia udongo, funga kwenye nguzo ya geti kwa kamba ya mgomba wenyewe. Shina limejaa maji kwa hiyo linakaa bichi siku kadhaa bila kumwagiwa. Yale majani ya chini yaliyochanika yakate, yaache ya juu matatu manne.

Halafu sasa shina ndo vazi lako la maua. Bibi alikuwa anachukua kijiti kilichochongwa, anatoboa kwa kuinamisha kidogo kuelekea chini ili maji yasitoke, anachomeka ua, anatoboa hapo pembeni, anachomeka. Bogenvilia, mawaridi, krotoni, chochote kilichokuwa uani. Akimaliza shina zima ni maua kuanzia kiunoni hadi shingoni na hakuna ndoo wala waya. Nakumbuka ule mlio wa kijiti kikiingia, kama unatoboa tango, na maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Ukitaka ya mezani kata kipande cha shina urefu wa mkono, kilaze kwenye sinia, toboa, chomeka. Kinafanya kazi ile ile ya sponji ya kijani ya wapambaji ila hiki ni bure na kinaoza shambani. Onyo moja tu lakini la maana: utomvu wa mgomba ukidondokea nguo doa halitoki. HALITOKI. Usije ukafanya hii kazi umeshavaa ya kanisani.

Bogenvilia zangu zimejaa majani, maua hakuna, na Krismasi ni mwezi ujao.

Unaimwagilia kwa upendo mno. Bogenvilia inachanua ikibanwa kidogo. Punguza maji, iache mpaka majani yaanze kulegea ndo umwagie, jua liwe la kutosha, samadi ipumzike. Tatizo ni kwamba Novemba Desemba kwetu ni vuli na mvua haisikilizi ratiba yako, ya chungu sogeza chini ya kipenu upande wa jua, ya ardhini mwachie Mungu.

Kuikata: hainywi maji vizuri kwenye vazi. Toa majani yote ya kijani bakiza rangi tu, izamishe yote kwenye beseni saa nzima, ndo uipange. Nayo ile rangi ni majani, ua ni kale keupe ka katikati, kama poinsetia tu.

Kanisani tumeambiwa tusijaze maua kabla ya Krismasi, kwa nini?

Majilio ni muda wa kungoja, maua yanakuwepo ila kwa kiasi, wingi unakuja mkesha. Kwenye Majilio fanya shada la mishumaa minne, kwa Wakatoliki mitatu zambarau na mmoja pinki wa Jumapili ya tatu. Mnaniuliza mtapata wapi majani ya Ulaya. Ya nini? Lile shada lilianzia Hamburg, Ujerumani, 1839, mwanateolojia Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, apate kuwatuliza watoto aliokuwa anawalea waliokuwa wanauliza kila siku Krismasi lini. Gurudumu. Kwa hiyo mvinje, saipresi, hata majani ya mwembe yanatosha, mwembe unakaa siku nyingi bila kunyauka kuliko unavyodhani.

Na pango la Mtoto Yesu? Nimechoka na nyasi za plastiki.

Otesha ulezi. Tandaza pamba kwenye sahani au trei, loanisha, mwaga ulezi usongamane, funika na gazeti siku mbili, nyunyizia maji kwa mkono asubuhi na jioni. Dar siku ya tatu umeshatoka, ukianza tarehe 14 mkesha una jani bichi la kijani kama zulia, laini mno, kondoo wa udongo wanasimama humo vizuri. Bara kwenye baridi anza siku nne tano mapema zaidi. Watoto wape hii kazi. Kusini mwa Ufaransa wanafanya hivi hivi kwa ngano, wanaotesha tarehe 4 Desemba.

Nimenunua majani marefu ya kijani nikaweka mlangoni, baba mkwe kafika kanuna. Nimekosea nini?

Umeolewa Uchagani, sivyo? Hiyo ni isale, mama. Kwetu isale sio pambo tu, ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, linapandwa makaburini, na ndo jani la kuombea msamaha, mtu akija kwako ameshika isale huwezi kumfukuza hata kama alikukosea nini. Mteja wangu mmoja alipanga vyungu sita mlangoni, baba mkwe kashuka kwenye basi kayaona, kakaa chini anauliza taratibu, "Nani kamkosea nani humu ndani?" Ikabidi waeleze kwamba ni mapambo. Akacheka lakini akaomba mawili yahamishwe. Mi nakwambia weka, ni zuri na haliombi maji mengi, ila ujue limebeba maneno.

Nataka harufu, sio rangi tu.

Asumini. Vikonyo unavichuma alasiri vikiwa bado vimefumba, tunga koja kwa uzi na sindano, lifunge kitambaa chenye unyevu, likifika saa 2, 3 usiku linafunguka lenyewe. Kwa misa ya mkesha hakuna kinachoshinda hicho. Ongeza rehani katikati, wenzetu wa Zanzibar na Pwani wanajua hizi harufu tangu zamani, kaa nao uulize wanavyotunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya harufu. Asubuhi ya Krismasi linaanza kugeuka kahawia, usilibebe mpaka mchana.

Maua ya vazi yanakufa siku ya pili.

Kata mshazari, toa majani yote yanayozama, maji mapya kila siku, kwa lita moja weka kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki. Usiweke juu ya friji wala karibu na ndizi mbivu, ndizi ikiiva inatoa gesi inayozeesha maua. Vazi likae mbali na feni.

Na hili la maji nalisemea kwa ukali: sahani za chini ya vyungu zimwage kila baada ya siku mbili tatu. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji safi ya ndani hivi hivi, Dar tulilala hoi 2014 na 2019, usijaze nyumba vyungu 20 halafu ukafuga mbu wa Krismasi.

Naweza kuweka pamba kwenye mti iwe kama theluji?

Unaweza. Nyuzi joto 32 nje, mvinje umevaa pamba. Haya. Kwenye mti wa kukata weka unavyotaka, kwenye mti ulio hai usipulizie rangi wala ile theluji ya kopo, jani linaziba na mti unaumwa. Pamba ikilowa maji itoe.

Sikukuu ikiisha hivi vitu vyote vinaenda wapi?

Poinsetia kata fupi, kama sentimita 15 kutoka chini, na utomvu ukiacha kutoka irudishe jua, itachipua. Araukaria kibarazani. Ulezi mpe kuku. Mvinje mkavu ukate, ni kuni.

Mgomba ni wa ng'ombe. Kwetu tarehe 26 asubuhi babu alikuwa anaushusha geti zima, anaukata kata vipande na kumpelekea zizini, na kazi yetu watoto ilikuwa kuchomoa maua kwanza, hasa bogenvilia maana ina miiba. Tulikuwa tunasahau mengine. Unamkuta ng'ombe anatafuna taratibu, waridi limetokeza kwenye pembe ya mdomo.